Mama Rezerve, Mwenye Msitu

Uyoga mkavu ukilowekwa katika maji ya moto hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ni harufu ya udongo ulionyeshewa jioni, ya moshi uliolala kwenye nyasi za paa, na kidogo, mnisamehe, ya miguu ya mtu aliyetembea kutwa. Juzi mkwe wangu aliniletea fungu moja kutoka soko la Baraka, akaliloweka jikoni, kisha akaenda zake kuchota maji. Mimi nilikuwa nimekaa nje nikichambua sombe, majani ya muhogo. Harufu iliponifikia nilicheka peke yangu, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuona kama mzee ameshikwa na wazimu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa nimemkumbuka Mama Rezerve.

Ninyi mliozaliwa wakati mmoja nami, mkakulia kwenye njia ile inayopanda kutoka Baraka, ziwani, mpaka Fizi, mlimani, huenda hamkumjua. Mimi nilimjua. Nilizungumza naye ana kwa ana.

Kijiji chetu kilikuwa katikati ya njia hiyo, chini ya kilima chenye msitu mnene. Nilipopata akili ya kwanza, msitu ule ulikuwa hauna mwenyewe. Watu waliuendea kama wanavyouendea mto: mwenye kutaka kuni alikwenda, mwenye kutaka dawa ya tumbo alikwenda, na mvua zikianza, wanawake wote walikwenda kutafuta uyoga kwenye vichuguu. Kisha siku moja akaja Bwana Agronomu, yule Mzungu wa mashamba aliyekuwa akitulazimisha kulima pamba, pamoja na vibarua na ndoo za chokaa. Wakaipaka miti ya pembeni ukanda mweupe tumboni, mti baada ya mti, wakapigilia ubao wenye maandishi mahali njia inapoingia, na tangu siku hiyo likawa neno moja kijiji kizima: “Usiingie kule. Hii musitu sasa iko ya Rezerve.”

Mtoto naye ana akili yake. Shamba la ng'ambo ya kijito lilikuwa la Mama Apolina. Mbuzi waliokula maharagwe yetu walikuwa wa katekista. Basi msitu ukiwa wa Rezerve, lazima Rezerve ni mtu. Nikamtengeneza kichwani mwangu polepole, kama mtu anayefinyanga chungu. Ni Mzungu, kwa sababu amri yake iliwatetemesha watu wazima. Ni mwanamke, kwa sababu sijasikia mtu akisema Bwana Rezerve. Ni mjane, na hana mtoto hata mmoja, kwa sababu mwanamke mwenye watoto atapata wapi muda wa kuifunga miti mikanda? Nilimwona amekaa katikati ya msitu, mnene, na mikono yake imefungwa kifuani, akiwasikiliza watu wanaovunja kuni zake.

Wala sikumuuliza mtu. Jambo ambalo kila mtu analijua huliulizi, utaonekana mjinga.

Mlinzi wa msitu huo alikuwa mjomba wangu Etabo, mdogo wake mama, kitinda mimba wa Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mzaa mama, ambaye nililala naye kitanda kimoja. Mjomba Etabo alikuwa mtu mwema asiye na bahati ya kazi. Walimpeleka ziwani kwa baba yangu akavue, akatapika kila alipokanyaga mtumbwi, hata mtumbwi ukiwa bado mchangani. Wakampa shamba la pamba, pamba ikamkausha yeye badala ya yeye kuikausha. Ndipo Leta, kama tulivyoiita serikali, ikamchukua kulinda msitu. Ikampa kaptula ya kaki iliyomfika chini ya magoti, kofia, na filimbi. Siku ya kwanza alipita kijijini akiipiga filimbi hiyo bila sababu yoyote, na sisi watoto tukamfuata nyuma, na Koko akatoka nje na mwiko mkononi kumtazama. Nadhani alifurahi sana siku hiyo. Hakujua bado.

Mvua za kwanza zilikuwa wakati mbaya kwetu. Muhogo wa zamani umekwisha, mpya bado ni vidole. Ardhi yote nzuri imelimwa pamba, na pamba, kama Koko alivyopenda kusema, haiingii chunguni. Uyoga ndio uliotuvusha. Ukipikwa na mawese na chumvi kidogo, ukaliwa na bugali, mtu analala akiwa mtu. Basi mvua ilipopiga usiku, asubuhi Koko alijifunga kikwembe chake, akachukua kapu, akapita mbele ya ubao wa Leta bila hata kuutazama.

Mjomba Etabo alifanya kila awezalo. Alipoingia msituni alianza kupiga filimbi toka mbali, kule chini kwenye kijito, ili mwizi yeyote mwenye heshima apate nafasi ya kukimbia. Wanawake wengine walikimbia. Koko hakukimbia. Alipoisikia filimbi alisimama, akaweka mkono mdomoni, akaita, “Etabo! Niko huku! Ku kichuguu kikubwa!”

Sasa mlinzi akiitwa jina lake mbele ya vibarua wanaotengeneza barabara pale chini, atafanya nini? Alikwenda. Alisimama mbele ya mama yake, akakohoa, akasema, “Mama, ninakamata kapu.”

“Kamata, mwanangu.”

Koko alimimina uyoga wote katika kikwembe, akafunga fundo, akampa kapu tupu kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni maji. Mjomba alilipeleka kapu hilo Fizi, kwenye ghala la Bwana Agronomu, kuwa ushahidi. Uyoga ulikuja nyumbani. Jioni Koko alikaa karibu na moto akasuka kapu jingine, naye Mjomba alikaa upande wa pili wa moto akimtazama anavyosuka, akijua kabisa ni nani atakayelipandisha mlima.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ghala la Fizi likaanza kujaa makapu. Mwanzoni Bwana Agronomu alimsifu Mjomba mbele ya walinzi wengine: huyu ni mtu wa kazi, kila siku anakamata mwizi. Lakini kisha akaanza kuogopa. Makapu mengi namna hiyo, basi wezi ni wengi kama siafu! Akamwita Mjomba akampa amri mpya, na jioni ile Mjomba alirudi nyumbani akakaa mbele ya bugali bila kunawa mikono.

“Bwana Agronomu anasema makapu yametosha,” alisema. “Sasa anataka muntu.”

“Muntu gani?” Koko aliuliza.

“Mwizi.”

“Mwizi gani?”

“Mama, mwizi njo wewe.”

Mama yangu aliacha kukoroga. Koko aliendelea kula. “Na usipopeleka muntu?”

“Njo mimi watafukuza kazi. Ao watanipiga fimbo kwanza, kisha wafukuze.” Mjomba alivua kofia akaiweka juu ya goti. “Mama, nakuomba. Kesho usiende.”

“Nitaenda.”

“Ukienda nitakufunga.”

“Utanifunga na nini?”

“Na kamba.”

“Kamba iko wapi?”

Mjomba alitazama pembeni. Leta ilikuwa haijampa kamba.

“Basi nitakusokotea moja,” Koko alisema. “Lakini uje asubuhi. Muchana niko na kazi.”

Mama alicheka, kisha akafunika mdomo kwa kanga, kwa sababu Mjomba alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalimshuka, na yeye akayaacha. Koko alipoyaona alisogeza bakuli la mboga upande wa mwanawe, akaingia ndani kulala bila kumaliza chakula. Mimi nilimfuata. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wafungwa wa Fizi wakifagia barabara, vichwa vyao vimenyolewa vikang'aa kama vibuyu, na usiku ule kila nilipofumba macho nilimwona Koko akifagia, kichwa kimenyolewa, na Mjomba amesimama nyuma yake na filimbi, analia.

Nilijiuliza jambo moja tu. Kwa nini watu wazima wanateseka namna hii, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba mwenyewe? Sisi tukitaka maembe ya katekista, tulitumwa kwenda kumwomba. Tulipiga magoti, tukasema tafadhali, na mara nyingi tulipewa. Huyu Rezerve ameombwa na nani?

Nafasi ilikuja yenyewe. Mvua ilinyesha bila kukatika siku zilizofuata, hata Koko hakutoka, na jioni moja Mjomba alirudi na uso uliopungua huzuni kidogo. Alisema amepewa kazi nyingine kwa muda. Amekuja Mzungu mwanamke, amefikia Fizi kwenye nyumba ya wageni ya Leta, na kesho yeye Mjomba ndiye atakayembebea kiti.

“Madame gani?” mama aliuliza.

“Madame wa Rezerve,” Mjomba alijibu, kinywa kimejaa. Alitaka kusema ni Madame aliyekuja kuutazama msitu. Lakini mimi niliyesikia, nilisikia nilichosikia. Moyo wangu uliruka. Mwenyewe amekuja.

Asubuhi nilimkamata kuku mweupe wa mama. Mtu haendi kwa mwenye mali mikono mitupu. Hilo hata mtoto analijua. Nilimfunga miguu kwa uzi wa mgomba, nikamkumbatia, nikapita nyuma ya nyumba, nikapita mbele ya ubao. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Karibu na kichuguu cha kwanza niliona uyoga mmoja mpana sana, wa namna ile tuliyoweza kujifunika nayo, nikaung'oa nikauweka kichwani kama mwavuli. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kumwona mwenye msitu: uyoga juu, kuku chini, na mimi katikati nikitetemeka.

Nilimkuta kwenye uwazi, amekaa juu ya kiti cha kukunja chini ya turubai dogo, na mbele yake meza ndogo, karatasi, na vichupa vya rangi. Alikuwa anachora ua. Nilishangaa mambo mawili. Kwanza, hakuwa mnene. Alikuwa mwembamba kama ufito wa kuvulia samaki. Pili, alivaa suruali. Nikasema moyoni: kumbe ni kweli ni mjane, amerithi mpaka nguo za marehemu. Mjomba hakuwapo, alikuwa ametumwa kijitoni kuchota maji ya rangi.

Nilipiga magoti, nikapiga makofi kidogo kwa heshima. “Yambo, Mama Rezerve.”

Aliinua kichwa. “Oh! Yambo, mutoto.”

Aliitika jina lake. Shaka yote ikaniisha.

Nikamnyooshea kuku. Kuku huyo alikuwa amevumilia mengi toka asubuhi, na uzi wa mgomba ukilowa hulegea. Alinitoka mikononi, akapiga mabawa, akatua juu ya meza, akakanyaga rangi nyekundu, akatembea juu ya karatasi yote kwa utulivu kama anayekagua kazi, akarukia vichakani. Mimi nilifumba macho nikingoja kupigwa. Nikasikia kicheko. Nilipofumbua, Mama Rezerve hakuwa anamtazama kuku. Alikuwa anautazama uyoga ulio kichwani kwangu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona nyama baada ya Kwaresima.

Aliutoa taratibu kwa mikono miwili. Akaupindua, akaunusa, akasema maneno mengi ya Kifaransa. Nikaona huu ndio wakati wa kusema haja yangu.

“Mama Rezerve, koko wangu anaomba uyoga. Hapana yote. Kidogo.”

“Ndiyo, ndiyo,” alisema. “Muzuri.”

“Na bamama benzake banaomba.”

“Ndiyo. Muzuri sana.” Aligusa uyoga kwa kidole. “Leta! Leta mingi!”

Hapo nilishtuka. Sikutazamia kwamba jambo letu dogo lingefika kwa Leta mara moja. Lakini alilirudia, tena kwa furaha, “Leta! Leta!” nami nikaelewa kwamba ananipa ruhusa kwa jina la serikali nzima.

“Lini, Mama?”

Kiswahili chake kilikuwa kinakaribia kwisha, niliona akikitafuta. “Kesho,” alisema.

Ndipo Mjomba akatokea na ndoo. Alimwona mpwa wake amepiga magoti katika msitu uliokatazwa, alama za miguu ya kuku juu ya karatasi, na uyoga wa wizi mikononi mwa Madame. Aliiweka ndoo chini akasimama wima, mkono kwenye kofia. Madame alimwambia maneno marefu, akinionyesha mimi, akionyesha uyoga, akionyesha upande wa Fizi. Mjomba Kifaransa chake kilikuwa neno moja.

“Oui, Madame,” alisema.

Jioni mama alikuwa ananitafuta kwa ajili ya kuku, na fito ilikuwa mkononi mwake. Nilijificha nyuma ya Koko nikasema yote kwa pumzi moja: nimekwenda kwa Mama Rezerve, nimemwomba, amekubali, kesho bamama bote waende kuokota uyoga, wapeleke mwingi.

Fito ilishuka. Koko alinigeuza akanitazama usoni. “Alisema nini, yeye mwenyewe?”

“Alisema leta.”

“Leta gani? Leta ya kuleta, ao Leta ya serikali?”

Nilifikiri. “Alisema mara nyingi, Koko. Zote mbili.”

Koko alimgeukia Mjomba aliyekuwa amejikunja mlangoni kama mtu mwenye homa. “Etabo, wewe ulikuwa pale. Madame alikuambia nini?”

“Alisema Kifaransa.”

“Na wewe ulijibu nini?”

“Oui.”

“Oui ni nini?”

“Ni ndiyo.”

“Basi,” Koko alisema, akasimama kutafuta kapu.

Habari ilifika kila nyumba kabla moto wa jioni haujazimwa. Mama Apolina peke yake alitia shaka, akauliza tangu lini Mzungu anatuma neno kwa mtoto asiye na meno ya mbele. Lakini asubuhi nilimwona wa kwanza kwenye njia, na kapu lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

Wanawake walikwenda wakiimba. Mjomba alikwenda pamoja nao kwa sababu hakujua mlinzi anapaswa kukaa wapi siku kama hiyo: mbele yao, nyuma yao, au gerezani moja kwa moja. Walipofika kwenye ubao alikumbuka kazi yake akapiga filimbi. Wanawake wakadhani anawasaidia wimbo. Wakaubadili mwendo ukafuatana na filimbi, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, walimgeukia: “Etabo, piga! Unatuachia wapi?” Akapiga mpaka kilele cha kilima.

Vichuguu vilikuwa vimechanua siku ile. Mwaka ule hakuna aliyevuna kwa utulivu isipokuwa Koko, na yeye ana mikono miwili tu. Tuliokota huku tunaitana, tunacheka, na adhuhuri, makapu yalipojaa, Koko alisema: “Sasa tupeleke sehemu ya mwenyewe. Alisema mingi.” Tukaupanda mlima kwenda Fizi, msururu mzima, na mimi mbele kwa sababu mimi ndiye niliyemjua.

Bwana Agronomu alikuwa mezani kwenye baraza ya nyumba ya wageni, anakula. Alituona tukiingia uani, kapu baada ya kapu, uyoga wa msitu wake umefurika mpaka ukingoni, na nyuma yetu mlinzi wake na filimbi shingoni. Alisimama na kitambaa cha kufutia mdomo bado kimening'inia kooni.

“Etabo! Hii nini?”

“Ni uyoga, Bwana.”

“Naona uyoga! Hawa banamuke nani?”

Nafikiri Mjomba alikuwa anatafuta namna ya kusema ni wezi bila kusema ni wezi. Mama alinishika bega. Ndipo mlango ukafunguka, Madame akatoka, akaona, akapiga kelele moja ya furaha akashuka ngazi mbio. Alipiga magoti katikati ya makapu na suruali yake. Alitoa mmoja akaunusa, akatoa mwingine akaunyanyua juani, akamwita Bwana Agronomu aje aone. Bwana Agronomu alimwambia jambo kwa sauti ya chini, naye akamjibu jambo kwa sauti ya juu, akinionyesha mimi. Sijui huyo mama alikuwa mke wa nani au dada wa nani huko kwao. Najua tu kwamba Bwana Agronomu alitoa kitambaa kooni, akakikunja, akakitia mfukoni.

Ingeishia hapo, na ingekuwa vizuri. Lakini wakati Wazungu wanazungumza, Koko alikuwa ametembea kidogo uani, kama mtu anayenyoosha miguu, akapita mbele ya ghala, na mlango wa ghala ulikuwa wazi.

“Ee!” tukamsikia. “Makapu yangu!”

Aliingia. Akatoka na moja. “Hili yangu.” Akaingia tena, akatoka na jingine. “Hili yangu. Na hili. Hili nilisuka siku ya mvua ya mawe. Hili mukono wake nilikosea, angalia.” Aliyapanga uani moja juu ya jingine, na lundo likapanda, wala hakuna mwanamke mwingine aliyesogea kuchukua hata moja.

Bwana Agronomu alilitazama lundo. Alimtazama Koko. Kisha, polepole, akamtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa anatazama paa la nyumba kwa makini sana.

“Etabo. Huyu mwanamuke ni nani?”

“Ni mwizi, Bwana.”

“Jina yake nani?”

“Mama.”

“Mama nani?”

“Mama yangu, Bwana.”

Madame aliuliza jambo, na Bwana Agronomu, masikio yake yamekuwa mekundu, ilimlazimu kumweleza. Alionyesha makapu, akaonyesha mama, akaonyesha mwana. Madame alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, pale pale udongoni, akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Mama Apolina naye akaanza. Halafu wote. Bwana Agronomu alisimama katikati ya kicheko kile kama mti katika mafuriko, na mwishoni, nilimwona kwa macho yangu, mdomo wake ulitingishika upande mmoja, akageuka haraka akaingia ndani.

Mjomba hakupigwa, wala hakufukuzwa. Aliambiwa, hata mvua za msimu ule ziishe, kazi yake ni kumbebea Madame kiti na kuwapitisha wanawake wenye uyoga. Madame alichora namna zote, hata zile za sumu ambazo Koko alimkataza kwa kushika tumbo na kujifanya anakufa. Tulimletea mpaka nyumba ya wageni ikanuka, na wapita njia wakadhani kuna mtu amefia humo. Kisha akaondoka, na baada yake Bwana Agronomu naye akahamishwa, akaja kijana mpya mwenye buti zisizo na vumbi.

Huyo mpya alifika siku moja msituni ghafla, akawakuta wanawake kwenye vichuguu na mlinzi amelala chini ya mti. Alimwamsha kwa ncha ya buti. Ni nani aliyewapa watu hawa ruhusa? Mjomba aliruka akasimama wima, na mwenyewe alituambia kwamba hakupanga kusema lolote, maneno yalitoka yenyewe.

“Madame Rezerve, Bwana.”

Yule kijana alikunja uso. Alikuwa mgeni, na hakujua bado mke wa nani ni nani kule kwa wakubwa wa Leta, Uvira au Bukavu, wala ni yupi ambaye kumkosea ni hatari. “Madame Rezerve,” alirudia polepole. “Ah, bon.” Na akaendelea na safari yake.

Mimi niliingia darasani mwaka uliofuata, shule ya misheni. Siku moja mwalimu alikuwa anatufundisha maneno ya Kifaransa yanayosikika kila siku barabarani, akaandika moja ubaoni, akalisoma, akasema maana yake ni mahali palipotengwa pasiguswe. Nilinyoosha mkono. Nilisema samahani, mwalimu, Rezerve si mahali, Rezerve ni mama. Nilisema nimemwona, ni mwembamba, anavaa suruali, na anapenda kucheka. Mwalimu aliniuliza tena, kwa upole, nami nikarudia tena kwa nguvu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akashindwa kulinyamazisha.

Nilikwenda nyumbani mbio, nalia njia nzima. Koko alikuwa amekaa mlangoni anachambua uyoga, anatoa udongo kwenye mashina kwa kisu kidogo. Niliangukia mapajani mwake.

“Koko, mwalimu anasema Rezerve hapana muntu. Anasema ni neno tu.”

Kisu kilisimama. Koko aliitazama njia upande wa Fizi, kisha akaitazama upande wa Baraka.

“Nani alisikia?”

“Darasa lote.”

“Kulikuwa Muzungu?”

“Hapana.”

Alinifuta machozi kwa pindo la kikwembe, akachukua uyoga mwingine.

“Basi nyamaza, mwanangu,” alisema. “Mvua bado haijaisha.”